Mtoto wako akipatikana na pufya: sheria inasema nini kuhusu wanamichezo chipukizi

Kila muhula wa michezo ya shule ukifika, viwanja vya Pwani hujaa. Kuna wanaokimbia, wanaocheza kandanda, voliboli na raga, wanaoogelea, na wengine wanaopigana taekwondo na ndondi. Mzazi humnunulia mtoto viatu, akamtafutia nauli, akamwachia mwalimu au kocha. Kwa wengi wetu, habari za pufya, yaani dawa za kututumua misuli, ni za wakimbiaji wakubwa wa mbio ndefu kule Iten na Eldoret. Hazituhusu sisi wala watoto wetu.

Sheria haioni hivyo. Mtoto wa miaka 14 aliyesajiliwa na shirikisho la mchezo wake anaweza kuombwa mkojo baada ya fainali. Ukipatikana na kitu kilichopigwa marufuku, kesi inafunguliwa kwa jina lake wala si kwa jina la mzazi, mwalimu au kocha. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inampa mtoto ulinzi ambao mtu mzima hana. Ulinzi huo haufanyi kazi wenyewe. Lazima awepo mtu anayeujua na anayejua kuudai. Makala haya yanaeleza ulinzi huo ni upi, unaishia wapi, na mzazi afanye nini siku barua ikibisha hodi.

Sheria zenyewe ni zipi?

Kwetu Kenya kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinasema kuwa maslahi ya mtoto ni jambo la kwanza katika kila suala linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 inarudia msingi huo. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18.

Ya pili ni Sheria ya Kupambana na Pufya ya 2016. Ilitiwa saini Aprili mwaka huo, wakati Kenya ilikuwa mbioni kuokoa nafasi yake katika Olimpiki za Rio. Mwezi uliofuata, Shirika la Kupambana na Pufya Duniani (WADA) lilisema bado sheria hiyo haijatimiza masharti, ikabidi ifanyiwe marekebisho haraka. Sheria hiyo ndiyo msingi wa kazi za shirika letu la kitaifa, ADAK, linalopima wanamichezo, kufungua mashtaka na kutoa elimu. Kesi zenyewe husikizwa na Jopo la Kutatua Mizozo ya Spoti, chombo kilichoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013.

Ya tatu ni Kanuni ya Dunia ya WADA, toleo lililoanza kutumika Januari 1, 2021. Hii ndiyo inayoeleza makosa, adhabu na haki za mwanamichezo, na sheria yetu imejifunga kuifuata. Mwanariadha anayeshindana kimataifa katika riadha anaweza kushtakiwa na kitengo cha maadili cha riadha, AIU, chenye makao yake Monaco. Rufaa za kimataifa huishia Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyoko Lausanne, Uswisi.

Jambo moja lieleweke mapema. Kupatikana na pufya mwilini ni kosa la kinidhamu la michezo. Adhabu yake ni kufungiwa, kupokonywa medali na kufutiwa matokeo. Haimaanishi kwamba polisi watakuja kumchukua mtoto. Mkono wa sheria ya jinai umeelekezwa zaidi kwa watu wazima wanaowapa wengine dawa hizo, na hilo tutalifikia.

Kanuni ngumu kuliko zote

Msingi wa sheria za pufya ni kwamba mwanamichezo anawajibika kwa kila kitu kinachopatikana mwilini mwake. Anayeshtaki hahitaji kuthibitisha kuwa mtoto alikusudia, alijua au alizembea. Sampuli ikisema kipo, kosa limeshatimia. Kama aliwekewa kwenye chai, kama ni dawa ya nyanya yake, kama kocha alimwambia ni vitamini, hayo yote yatazungumzwa baadaye wakati wa kupima adhabu. Hayafuti kosa.

Msingi huu haubagui umri. Hakuna umri ambao mtoto hapimwi, wala hakuna umri ambao mtoto hawezi kupatikana na hatia ya michezo. Katika makosa ya jinai, Sheria ya Watoto imepandisha umri wa kuwajibika hadi miaka 12. Kwenye michezo hakuna mstari kama huo.

Kama unadhani watoto hawapimwi, Januari 2024 WADA ilichapisha ripoti ya uchunguzi wake kuhusu pufya kwa watoto. Tangu 2012, zaidi ya watoto 1,400 duniani walikuwa wamepatikana na vitu vilivyopigwa marufuku. Mdogo wao alikuwa na miaka 12.

Nani hasa anahesabiwa kuwa mtoto?

Hapa ndipo wazazi na hata mawakili hukosea. Kanuni ya Dunia ina maneno mawili tofauti.

La kwanza ni mtoto kwa maana ya kawaida, yaani aliye chini ya miaka 18. Neno hili hutumika zaidi katika taratibu za kupima na katika suala la kutangaza majina.

La pili ni "mtu anayelindwa". Hili ndilo linalogusa adhabu, na halimhusu kila aliye chini ya miaka 18. Anayelindwa ni yule ambaye siku ya kosa:

- alikuwa hajatimiza miaka 16; au
- alikuwa hajatimiza miaka 18, hayumo katika orodha rasmi ya wanamichezo wanaofuatiliwa kupimwa, na hajawahi kushiriki mashindano ya kimataifa ya wazi, au
- bila kujali umri, sheria ya nchi yake inamtambua kuwa hana uwezo wa kisheria wa kujiamulia.

Tuchukue mifano. Msichana wa miaka 15 kutoka Kilifi analindwa, hata kama amefika Olimpiki. Mvulana wa miaka 17 anayecheza michezo ya shule tu analindwa. Mvulana wa miaka 17 aliyeiwakilisha Kenya katika mbio za dunia za chini ya miaka 20, kama zile za Kasarani Agosti 2021, bado analindwa iwapo hayumo katika orodha ya ufuatiliaji, kwa sababu mashindano ya rika fulani hayahesabiwi kuwa ya wazi. Lakini mwenzake wa miaka 17 aliyekwisha kukimbia na watu wazima katika mashindano ya kimataifa ameupoteza ulinzi huo. Kwa Katiba yetu bado ni mtoto. Kwa upande wa adhabu ya pufya, atapimwa kwa kipimo cha mtu mzima.

Kwa hiyo mzazi anayeshangilia mwanawe kupandishwa haraka kwenda kushindana na wakubwa ajue kuwa, mbali na sifa na pesa, mtoto anavuka mstari wa kisheria.

Siku ya kupimwa

Vipimo hufanywa bila taarifa ya mapema, baada ya mashindano au mazoezini. Hakuna atakayesubiri barua ya ruhusa ya mzazi siku hiyo, kwa sababu kushiriki michezo chini ya shirikisho ni kukubali kanuni zake, na pufya ni mojawapo. Hata hivyo utaratibu wa kumpima mtoto si ule wa mtu mzima.

Mtoto anapaswa kuwa na mwakilishi, yaani mtu mzima wa upande wake, kuanzia anapoarifiwa hadi fomu inapotiwa saini. Anaweza kuwa mzazi, mwalimu, kocha au daktari wa timu. Afisa wa jinsia moja na mtoto ndiye anayeshuhudia mkojo ukitoka. Mwakilishi naye husimama akimwangalia afisa, asimtazame mtoto, isipokuwa mtoto mwenyewe aombe. Lengo ni kwamba mtoto asibaki chooni peke yake na mtu mzima asiyemjua. Iwapo mtoto atamkataa mwakilishi, hilo peke yake halibatilishi kipimo, ila lazima liandikwe.

Mkojo unaotakiwa ni mililita 90 au zaidi, na hugawanywa katika chupa mbili, A na B. Chupa A ndiyo hupimwa kwanza. Chupa B hubaki imefungwa, na mwanamichezo ana haki ya kuomba ifunguliwe na kupimwa ikiwa ya kwanza imeonyesha tatizo.

Mwambie mwanao mambo matatu kuhusu siku hiyo. Achague chupa mwenyewe. Ataje katika fomu kila dawa na kirutubisho alichotumia karibuni, hata panadoli. Na kama kuna kitu hakikumpendeza, akiandike pale pale kwenye nafasi ya maoni kabla ya kutia saini.

Kukataa kupimwa au kutoroka ni kosa kubwa. Kwa mtu mzima adhabu ya kawaida ni miaka minne. Kwa mtoto anayelindwa ni kati ya onyo na miaka miwili, kulingana na kiwango cha kosa lake. Lakini mwalimu anayemwambia mtoto "panda basi twende" huku afisa anamsubiri, amemtia mtoto matatani na amejitia mwenyewe.

Sampuli ikirudi na tatizo

Barua ya kwanza hueleza kitu kilichopatikana na haki ya kuomba chupa B. Kwa aina nyingi za dawa kali mtoto husimamishwa kwa muda papo hapo. Hashindani, na kesi inaendelea.

Tuangalie adhabu kwa mtu mzima kwanza. Dawa kali kama homoni za kujenga misuli au EPO huanza na miaka minne, na ni kazi ya mwanamichezo kuthibitisha kuwa hakukusudia ili ishuke hadi miwili. Kwa vitu vinavyoweza kuingia mwilini kwa bahati mbaya, kama baadhi ya dawa za mafua, anayeshtaki ndiye anayepaswa kuthibitisha kusudio. Asipoweza, adhabu huanza na miaka miwili.

Mtoto anayelindwa hupata nafuu mbili kubwa.

Nafuu ya kwanza ni kwamba, akithibitisha kuwa hakuwa na kosa kubwa au uzembe mkubwa, adhabu yake inakuwa kati ya onyo tu, bila kufungiwa hata siku moja, na miaka miwili isiyozidi. Jopo litaangalia umri wake, uzoefu wake, kama alifundishwa, na nani alimpa kitu hicho.

Nafuu ya pili, katika kujenga hoja hiyo halazimiki kuonyesha hasa jinsi dawa ilivyoingia mwilini. Kwa mtu mzima hilo ni sharti, na kesi nyingi hufia hapo. Mtoto amesamehewa mzigo huo kwa sababu mara nyingi hajui alipewa nini.

Lakini angalia vizuri. Nafuu hizi hazifuti ule mzigo wa kwanza wa kuonyesha kuwa hakukusudia. Kesi maarufu kuliko zote za mtoto na pufya inatufundisha hilo.

Kesi ya Kamila Valieva

Desemba 25, 2021, mcheza barafu wa Urusi Kamila Valieva, akiwa na miaka 15, alitoa sampuli katika mashindano ya taifa huko Saint Petersburg. Maabara ya Stockholm ilipata trimetazidine, dawa ya ugonjwa wa moyo. Majibu yalitoka Februari 8, 2022, siku moja baada ya Valieva kuisaidia timu yake kushika nafasi ya kwanza katika Olimpiki za Beijing.

Februari 14, jopo la dharura la CAS lilimruhusu aendelee kushindana, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba ni mtu anayelindwa. Akaingia ulingoni dunia nzima ikimtazama, akaanguka mara kadhaa, akamaliza wa nne huku akilia. Utetezi wake ulikuwa kwamba dawa hiyo ilikuwa ya babu yake na iliingia mwilini mwake bila kujua.

Jopo la nidhamu la Urusi lilisema hana kosa. WADA na wengine wakakata rufaa. Januari 29, 2024, CAS ilimpiga marufuku ya miaka minne kuanzia siku ile ya sampuli. Majaji walisema hakuweza kuthibitisha kuwa hakukusudia, na akishashindwa hapo hakuna kifungu kinachompa mtoto nafuu kuliko mtu mzima. Miaka 15 ikabeba mzigo wa mtu mzima.

Kuna mafunzo mawili hapa. Kwanza, "yeye ni mtoto" si utetezi unaojitosheleza. Unahitaji ushahidi, kama risiti, cheti cha daktari, dawa yenyewe, na watu walioshuhudia. Pili, watu wengi walijiuliza, na bado wanajiuliza, mbona mtoto ndiye aliyeanguka mbele ya kamera ilhali watu wazima waliomzunguka hawakuonekana? Shirikisho la mchezo huo baadaye lilipandisha umri wa kushindana na wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17. Hilo linapunguza tatizo, lakini halijibu swali.

Jina la mtoto litatangazwa?

Kwa mtu mzima, jina na adhabu lazima vitangazwe. Kwa mtoto chini ya miaka 18, au mtu anayelindwa, kutangaza si lazima. Wakitangaza, ni lazima iwe kwa kiasi kinacholingana na hali ya kesi. Mzazi na wakili wake wana haki ya kusimama mbele ya jopo na kuomba jina lisitajwe, wakitumia pia Katiba na Sheria ya Watoto.

Sisi wa vyombo vya habari na wa mitandao ya kijamii tuna deni hapa. Tetesi za pufya kuhusu mwanafunzi zikisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, ulinzi wa sheria umekwisha kabla kesi haijaanza. Ndiyo maana makala haya hayataji mtoto yeyote wa Kenya.

Mkono wa sheria kwa watu wazima

Historia inatueleza kwa nini. Katika Ujerumani Mashariki ya zamani, serikali iliendesha mpango wa siri wa kuwapa wanamichezo homoni, wakiwemo wasichana wadogo walioambiwa wanameza vitamini. Sauti zao zikawa nzito, na wengine wakapata maradhi ya kudumu. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwahukumu Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo, na daktari Manfred Höppner kwa kushiriki kuwadhuru wanamichezo hao. Ewald alipata miezi 22 na Höppner miezi 18, vyote vifungo vya nje. Waliodhurika wengi waliona ni haki ndogo mno.

Kanuni ya leo ni kali zaidi. Kumpa au kujaribu kumpa mwanamichezo dawa iliyopigwa marufuku, au kuiuza, kuna adhabu ya kuanzia miaka minne hadi maisha. Ikiwa aliyepewa ni mtu anayelindwa, kosa linahesabiwa kuwa zito mno, na kocha, daktari, mzazi au msaidizi yeyote wa mwanamichezo aliyelitenda hufungiwa maisha, isipokuwa tu kama dawa ni ya lile kundi linaloweza kuingia kwa bahati mbaya. Zaidi ya hapo, kila mara mtoto anayelindwa anapopatikana na kosa, shirika la pufya linalazimika kuwachunguza wasaidizi wake moja kwa moja, bila kusubiri mtu kulalamika. Na hapa kwetu, Sheria ya 2016 inaweka faini na kifungo kwa wanaowapa wengine pufya.

Mzazi naye yumo. Anayemtibu au kumsaidia mwanawe kujiandaa kwa mashindano anahesabiwa kuwa msaidizi wake. Kutokujua dawa ni ya nini si kinga.

Mtoto anayesema ukweli kuhusu aliyempa naye hufaidika. Msaada wake ukiwezesha kumpata aliyehusika, sehemu ya adhabu yake, hadi robo tatu, inaweza kusimamishwa. Vilevile, kesi ikiwa ya miaka minne au zaidi, mwanamichezo anayekiri na kukubali adhabu ndani ya siku 20 baada ya kupewa barua ya mashtaka hupunguziwa mwaka mmoja. Siku 20 ni chache. Barua iliyolala katika ofisi ya mwalimu mkuu likizo nzima inaweza kumgharimu mtoto mwaka mzima.

Ya Pwani: muguka, bangi na duka la dawa

Hapa kwetu hatari kubwa kwa kijana huenda isiwe sindano ya EPO. Iko barazani.

Muguka na miraa zina kemikali iitwayo cathine. Imo katika orodha ya WADA kama kichangamshi, na imepigwa marufuku wakati wa mashindano ikizidi mikrogramu 5 katika mililita moja ya mkojo. Mnamo Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kupiga marufuku muguka, ukazuka mvutano mkubwa na serikali kuu na wakulima. Lolote litakalokuwa sokoni, uwanjani hali haibadiliki. Kijana anayetafuna usiku wa kuamkia fainali amejiweka hatarini. Kwa sheria hizi, "wakati wa mashindano" huanza saa 5 na dakika 59 usiku wa kuamkia siku yenyewe, na kilichotafunwa jioni bado kinaweza kuwa mwilini asubuhi.

Kuna jambo la kushangaza hapa. Bangi, heroini, kokeini na ekstasi zimewekwa katika kundi maalum la dawa za kulevya za mitaani. Mwanamichezo akithibitisha kuwa alizitumia nje ya mashindano na si kwa ajili ya mchezo, adhabu ni miezi mitatu, na inaweza kushuka hadi mwezi mmoja akikamilisha matibabu yaliyoidhinishwa. Muguka haumo katika kundi hilo, kwa hiyo kesi yake hufuata njia ya kawaida inayoanzia miaka miwili, isipokuwa kijana aonyeshe sababu ya kupunguziwa. Kwa maneno mengine, kitu kinachouzwa hadharani kinaweza kumfungia mchezaji muda mrefu kuliko bangi. Bila shaka, bangi ni kosa la jinai Kenya, na hiyo ni kesi nyingine mbele ya mahakama nyingine.

Halafu kuna duka la dawa. Dawa nyingi za mafua zina pseudoephedrine, ambayo ikizidi kiwango siku ya mashindano ni kosa. Tramadol, dawa ya maumivu, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2024. Prednisolone ya kumeza na sindano za triamcinolone nazo hairuhusiwi kuwa nazo mwilini wakati wa mashindano, na triamcinolone imewafungia Wakenya kadhaa miaka ya karibuni. Insulini, inayomweka hai mtoto mwenye kisukari, imepigwa marufuku wakati wote.

Mtoto mgonjwa afanyeje basi? Atibiwe. Sheria haimtaki mtu afe kwa ajili ya medali. Kuna idhini ya matumizi ya tiba, inayoombwa kwa ADAK kwa fomu inayojazwa na daktari pamoja na ripoti za hospitali. Iombwe mapema kabla ya mashindano, na ikiwa ilikuwa dharura, kuna hali ambazo inaweza kuombwa baadaye. Mtoto wa pumu anayevuta salbutamol haihitaji mradi asizidishe mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na asizidi 600 kwa saa 8. Weka kumbukumbu zote za hospitali. Siku ya kesi karatasi hizo ndizo zitakazomtetea.

Virutubisho vya jimu na dawa za unga zisizo na maelezo, ziwe za kienyeji au za kutoka ng'ambo, ni bahati nasibu. Lebo inaweza kusema hivi na ndani kukawa na kingine, na jibu la sheria ni lile lile, kwamba mwili ni wako.

Mzazi afanye nini

Kabla ya tatizo:

- Uliza shirikisho au shule kama mtoto ameshapewa elimu ya pufya, na omba ADAK waje wafundishe. Ukosefu wa elimu huzingatiwa wakati wa kupima kosa la mtoto, lakini ni afadhali asifike huko.
- Kila akitibiwa, mwambie daktari kuwa ni mwanamichezo anayepimwa. Orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku hutolewa upya kila mwaka kuanzia Januari 1.
- Hakikisha simu na anwani yako, na si ya kocha peke yake, ziko kwenye fomu za mtoto.
- Kocha akimpa mtoto kidonge au sindano, uliza jina lake na uliandike.

Barua ikifika:

- Iandike tarehe uliyoipokea. Hesabu siku.
- Usimruhusu mtoto kutia saini kukiri bila wewe na bila ushauri wa wakili. Kukiri kwa haraka kuna faida, lakini kukiri usichokielewa kuna hasara.
- Kusanya dawa, risiti, vyeti na majina ya mashahidi kabla havijapotea.
- Angalia umri wake siku ya sampuli, kama yumo katika orodha ya ufuatiliaji, na kama amewahi kushindana na wakubwa kimataifa. Majibu hayo matatu ndiyo yatakayosema kama analindwa.
- Omba jina lisitangazwe.
- Mwondoe kwenye mashindano na mazoezi ya klabu anapokuwa amefungiwa. Marufuku hugusa michezo yote, na kuivunja huongeza adhabu.

Na mtoto mwenyewe? Kufungiwa kwa miaka miwili ukiwa na miaka 16 ni kupoteza nafasi ya kuchaguliwa, ufadhili wa masomo, na mara nyingi marafiki wote wa timu. Wengi huacha michezo kabisa. Awe na mtu wa kuongea naye nyumbani ambaye swali lake la kwanza halitakuwa "umetuaibisha vipi?"

Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Katika michezo tumewaachia wengine ulezi huo, kocha, mwalimu na daktari wa timu, na wengi wao ni watu wema. Lakini mkojo utakaofungwa kwenye chupa A na chupa B ni wa mwanao. Ujue kilichomo kwenye mkoba wake wa mazoezi kabla afisa hajamwita.